Damu inapozidiwa na asidi: Mchoro unaoonyesha mgonjwa mahututi anaelekea wapi

Mkazi wa Baba Dogo, mtaa ulio katika eneobunge la Ruaraka jijini Nairobi, hashangai kusikia neno asidi. Viwanda vimejipanga kandokando ya barabara ya mtaa huo, na vibarua wanaoingia humo alfajiri wanajua kwamba asidi ni kitu cha kuogopwa: huchoma ngozi, hutoboa nguo na hula chuma. Walakini, si wengi wanaofahamu kwamba kila mmoja wao hutengeneza asidi mwilini mwake mchana kutwa na usiku kucha, na kwamba uhai wake unategemea uwezo wa mwili kuitoa.

Mwenye afya hana haja ya kuliwazia jambo hili, kwani mapafu na figo zake hulishughulikia kimyakimya. Kwa mgonjwa mahututi hali ni tofauti. Mizani ya asidi na besi katika damu yake inaweza kupinduka kwa muda wa saa chache tu, na wanaomwangalia hulazimika kuipima mara kwa mara. Majibu ya maabara huja kwa nambari. Nambari hizo zikisomwa mojamoja zinaweza kumpotosha hata daktari bingwa, na ndiyo sababu wataalamu wamekuwa wakizigeuza kuwa michoro kwa zaidi ya nusu karne sasa.

Katika nchi ambayo vitanda vya wagonjwa mahututi ni haba, faida ya mchoro kama huo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kuuchora hakuhitaji zaidi ya karatasi, kalamu na mtu anayejua anachokitazama.

Mizani yenyewe

Mwili unapotumia chakula kupata nguvu, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikiyeyuka katika damu hugeuka kuwa asidi. Kazi ya mapafu ni kuipuliza nje. Zipo pia asidi zisizoweza kupulizwa, kwa mfano asidi ya laktiki inayozalishwa na misuli iliyokosa oksijeni. Hizo huondolewa na ini na figo. Katikati ya pande hizi mbili imesimama bikaboneti, besi iliyomo katika damu, ambayo huzimeza asidi kabla hazijaleta madhara.

Kutokana na hayo, daktari hutazama nambari tatu. Ya kwanza ni pH, kipimo cha jumla cha asidi, ambacho kwa mwenye afya huwa kati ya 7.35 na 7.45. Ya pili ni shinikizo la gesi ya kaboni katika damu, ambalo huwa kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. Ya tatu ni bikaboneti, ambayo huwa kati ya milimoli 22 na 26 kwa kila lita.

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen. Kina mtego unaostahili kufahamika. Kadiri nambari inavyoshuka ndivyo asidi inavyopanda, na hatua za kushuka huko ni kubwa kuliko zinavyoonekana. Mgonjwa ambaye pH yake imetoka 7.4 hadi 7.1 anaweza kudhaniwa kuwa amepotoka kidogo tu. Kwa kweli asidi katika damu yake imeongezeka maradufu. Ni kama mtu kuambiwa kwamba nauli imepanda kidogo, kumbe ni mara mbili ya aliyolipa jana.

Wagonjwa watatu

Ili tuone jinsi nambari zinavyoweza kudanganya, tuwachukue wagonjwa watatu wa kubuni waliofikishwa hospitalini usiku mmoja.

Wa kwanza ni kijana aliyekunywa pombe iliyotiwa methanoli. Anapumua kwa kasi na kwa kina kama mtu aliyetoka kupanda mlima. pH yake ni 7.10, gesi ya kaboni 20, bikaboneti 6. Wa pili ni mama mwenye pumu ambaye amehangaika kupumua tangu asubuhi na sasa ameishiwa na nguvu. pH yake ni 7.10, gesi ya kaboni 80, bikaboneti 24. Wa tatu ni mzee mwenye maambukizi makali yaliyosambaa katika damu. pH yake ni 7.40, gesi ya kaboni 20, bikaboneti 12.

Anayetazama pH peke yake atasema kwamba wawili wa kwanza wana tatizo moja na kwamba mzee hana neno. Atakuwa amekosea mara mbili. Kijana ana sumu inayozalisha asidi na kumaliza bikaboneti, na mapafu yake yanajitahidi kufidia kwa kuipuliza kaboni nje. Mama hana upungufu wowote wa bikaboneti, ila mapafu yake yameshindwa kuitoa gesi. Wa kwanza anahitaji dawa ya sumu na mashine ya kusafisha damu. Wa pili anahitaji kusaidiwa kupumua. Ukiyabadilisha matibabu hayo, utawapoteza wote wawili.

Na mzee je? Yeye ndiye mwenye kuhadaa zaidi. Maambukizi yamemjaza asidi, na papo hapo yameyachochea mapafu yake kupumua kupita kiasi. Asidi inavuta upande huu, pumzi inavuta upande ule, na mizani imesimama katikati kama kamba inayovutwa na timu mbili zenye nguvu sawa. Mtazamaji wa mbali ataona kamba imetulia, asijue jinsi wavutaji wanavyokazana.

Nambari zikawa ramani

Sasa tuwaweke wagonjwa hao kwenye mchoro. Chora mstari mmoja wa kulala na uandike juu yake viwango vya gesi ya kaboni, kutoka sufuri kushoto hadi 100 kulia. Chora mwingine wa kusimama na uandike viwango vya bikaboneti, kutoka sufuri chini hadi 40 juu. Mahali penye kaboni ya 35 hadi 45 na bikaboneti ya 22 hadi 26, chora kisanduku. Hicho ndicho kijiji cha wenye afya.

Kila mgonjwa sasa ni nukta moja. Mama mwenye pumu yuko kulia kabisa, akiwa kimo kimoja na kile kisanduku: ametolewa nyumbani na kaboni peke yake. Kijana yuko chini kabisa upande wa kushoto: bikaboneti imeporomoka na mapafu yamemvuta kushoto ili kumwokoa. Mzee naye yuko kushoto, juu kidogo ya kijana, mbali na kisanduku. Hakuna anayeweza kuitazama nukta yake na kusema kwamba hana ugonjwa.

Mchoro huu una uzuri mwingine. Mistari ya pH huanzia kwenye pembe ya chini kushoto na kutawanyika kama miale ya jua linapochomoza. Kijana na mama wamekaa kwenye mwale mmoja, ingawa wako mbalimbali. Mzee amekaa kwenye mwale uleule unaopita katikati ya kijiji cha wenye afya, ilhali yeye hayumo kijijini.

Fauka ya hayo, ramani ina njia zake. Mtu aliyejaa asidi na ambaye mapafu yake yangali na nguvu hushuka kutoka kisandukuni akielekea chini kushoto kwa njia inayojulikana. Madaktari huikisia kwa hesabu nyepesi: zidisha bikaboneti kwa moja na nusu, kisha ongeza 8, na upate kiwango cha kaboni kinachotarajiwa, kikizidi au kupungua kwa 2. Kwa kijana wetu mwenye bikaboneti ya 6, jibu ni 17, yaani kati ya 15 na 19. Yeye ana 20. Tofauti ni ndogo, lakini ukingo wa njia ameshauvuka. Huenda mapafu yake yameanza kuchoka.

Tuseme damu yake inapimwa tena baada ya saa mbili. Bikaboneti ni ileile 6, lakini gesi ya kaboni sasa ni 40. Karatasi ya maabara haitaweka alama yoyote ya hatari mbele ya nambari hiyo, kwa maana 40 ni kaboni ya mtu mzima wa afya. Kwenye mchoro, hata hivyo, nukta imeruka kutoka kushoto kwenda kulia, ikavuka miale kadhaa na kutua mahali ambapo pH ni 6.80. Asidi katika damu yake ni takriban mara nne ya ile ya kawaida. Kijana ameacha kupumua kwa kina kwa sababu amechoka, na aliyemwona "ametulia" amemwona akiaga dunia.

Jambo hilohilo huweza kutokea kwa mkono wa mwenye nia njema. Mgonjwa wa namna hii akiunganishwa na mashine ya kupumulia iliyopangwa kwa kasi ya mtu wa kawaida, kaboni itapanda hadi kiwango cha kawaida na asidi itamzidi. Muuguzi anayeunganisha nukta kwa mstari, na kuandika saa kando ya kila nukta, ataiona hatari hiyo mapema kuliko yule anayepekua karatasi zilizobanwa pamoja. Nambari humwambia mgonjwa yuko wapi. Mstari humwambia anaelekea wapi na kwa mwendo gani.

Funzo la Copenhagen

Si lazima tudhani kwamba makosa ya kusoma nambari ni ya hospitali maskini pekee. Mwaka 1952 jiji la Copenhagen lilikumbwa na mkurupuko mkubwa wa polio. Wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua na kumeza walikuwa wakifa kwa wingi katika hospitali ya Blegdam. Maabara ilionyesha kwamba damu yao ilikuwa na kiwango kikubwa cha kaboni kwa ujumla, yaani gesi na bikaboneti zikihesabiwa pamoja. Madaktari wakakifasiri kiwango hicho kuwa ni wingi wa besi.

Bjørn Ibsen, daktari wa kutia wagonjwa ganzi, aliisoma nambari hiyohiyo kinyume. Kwake ilikuwa ishara kwamba wagonjwa hawakuwa wakipumua vya kutosha na kwamba gesi ilikuwa imewajaa na kugeuka asidi. Mnamo Agosti 27, 1952, alitobolewa njia ya hewa kooni msichana wa miaka 12 aliyekuwa taabani, na Ibsen akampulizia hewa kwa mfuko wa mkono. Msichana aliokoka. Katika miezi iliyofuata wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu kando ya vitanda wakiminya mifuko kwa mikono, na vifo, ambavyo hapo awali vilizidi 80 katika kila wagonjwa 100 wa aina hiyo, vikapungua sana.

Wengi huhesabu tukio hilo kuwa ndio mwanzo wa vyumba vya wagonjwa mahututi kama tuvijuavyo. Haikuwa sadfa kwamba mjini humohumo Poul Astrup alibuni njia ya haraka ya kupima mizani ya asidi katika damu, na Ole Siggaard-Andersen akachora chati zilizotumika kote duniani kuanzia miaka ya 1960. Mashine nyingi za kisasa zinaweza kuchora ramani za namna hiyo zenyewe kwenye skrini.

Nguzo mbili

Ramani inaeleza mgonjwa yuko wapi, lakini haisemi asidi imetoka wapi. Kwa swali hilo upo mchoro mwingine, uliopata umaarufu kupitia James Gamble, daktari wa watoto wa Marekani. Huu ni wa nguzo mbili zilizosimama bega kwa bega. Nguzo ya kushoto ni ya chembe zenye chaji chanya, hasa sodiamu. Ya kulia ni ya zenye chaji hasi, yaani kloraidi, bikaboneti na nyinginezo. Kanuni ni moja: nguzo lazima ziwe na kimo sawa.

Kwa mwenye afya, sodiamu 140 hukabiliwa na kloraidi 104 na bikaboneti 24. Hubaki pengo la 12, ambalo hujazwa na protini na chembe ndogondogo. Kwa kijana aliyekunywa methanoli, kloraidi ni ileile 104 lakini bikaboneti ni 6, na pengo limetanuka hadi 30. Kuna mgeni aliyejipenyeza kwenye nguzo, naye ni asidi ya fomiki inayotokana na methanoli. Mwenye kisukari aliyekosa insulini naye atakuwa na pengo pana, ila mgeni wake ni asidi za ketoni. Kwa mtu aliyeharisha mno, bikaboneti inaweza kuwa 10, kloraidi ikapanda hadi 118, na pengo likabaki 12. Huyo hakumeza sumu. Amepoteza besi kupitia tumboni.

Nguzo hizi zinaeleza pia kwa nini maji ya chumvi yanayotundikwa kwenye dripu si kitu cha kumwagia kila mgonjwa. Dripu ya kawaida ya chumvi ina sodiamu 154 na kloraidi 154 kwa lita. Kloraidi hiyo ni nyingi kupita ile ya damu, na ikiongezwa kwa wingi huisukuma bikaboneti nje ya nguzo. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland kutoka Kilifi, uliowahusisha watoto 3,141 nchini Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na dalili za damu kutosambaa vyema, waliopewa maji mengi kwa haraka, walikufa kwa wingi kuliko wasiopewa: takriban 10.5 kwa 100 dhidi ya 7.3 kwa 100 katika saa 48. Uchanganuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulitaja ongezeko la asidi litokanalo na kloraidi kuwa miongoni mwa sababu.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Sumu ya methanoli si hadithi ya vitabuni kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi, hasa katika mitaa ya Mukuru, baada ya kunywa pombe yenye sumu, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 mkasa kama huo uliwaua makumi ya watu Machakos. Mnamo Mei 2014 watu wapatao 341 walidhurika katika kaunti mbalimbali na 100 kati yao wakafa. Julai mwaka huohuo wengine wapatao 126 walidhurika na 26 wakafa.

Sumu hii ina hila. Mnywaji huenda akalala salama na kuamka akidhani ni uchovu wa kawaida. Asidi huchukua saa 12 hadi 24, na pengine zaidi, kujikusanya. Kisha huja kuumwa na tumbo, kutapika, kuona ukungu mbele ya macho, na kupumua kwa kina. Tiba ipo na hufaulu ikiwahi: dawa ya kuzuia methanoli isigeuke kuwa asidi ya fomiki, bikaboneti, na kusafisha damu kwa mashine. Kujitibu nyumbani kwa pombe nyingine ni kucheza na roho.

Tatizo ni mahali pa kutibiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihesabu vitanda 537 vya mahututi na mashine 256 za kupumulia nchini Kenya nzima, na ukapata kwamba kaunti 22 pekee kati ya 47 ndizo zilizokuwa na angalau chumba kimoja cha namna hiyo. Uhaba huo ndio unaofanya wakati wa kumwamisha mgonjwa kuwa uamuzi wa uhai na mauti. Hospitali ndogo inayopima damu mara mbili na kuziweka nukta kwenye karatasi inaweza kusema ni nani hawezi kungoja hadi kesho, na ni nani anarudi kijijini kwake polepole.

Hata pasipo maabara, mchoro wa kwanza uko wazi kwa mwenye macho. Kifaa kinachobanwa kidoleni hupima oksijeni, si asidi. Kinaweza kuonyesha 98 kwa 100 huku damu ikiungua kwa asidi. Pumzi haifichi. Mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake mjini Kilifi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Waligundua kwamba kupoteza fahamu na kupumua kwa shida ndizo dalili zilizotabiri vifo vingi zaidi. Uchunguzi uliofuatia mwaka 1996 ulibainisha kwamba kupumua kwa kina kwa watoto hao kulikuwa ishara ya asidi katika damu.

Kwa hiyo, mtu anayepumua kwa kasi na kwa kina bila kikohozi wala kukimbia, awe ni mnywaji, mgonjwa wa kisukari, mtoto mwenye homa au mtu aliyeharisha siku nzima, asiachwe alale apumzike. Apelekwe hospitalini saa hiyohiyo. Na iwapo pumzi hiyo itapungua ghafla huku fahamu zikififia, jamaa wasishangilie kwamba amepata nafuu.

Mchoro haumponyi mtu, wala haukai mahali pa dawa, mashine na vitanda ambavyo wananchi wana haki ya kuvidai kutoka kwa serikali zao za kaunti na ya kitaifa. Kazi yake ni kumwezesha daktari aliyechoka, saa tisa za usiku, kuona kwa mtazamo mmoja kile ambacho nambari kumi na mbili zilikuwa zimekificha. Jamaa waliokaa nje ya chumba cha mahututi wamezoea kuuliza vipimo vimesemaje. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: tangu jana, mgonjwa wetu anaelekea wapi?